Gari la Kwenye Karatasi Haliendi

Niseme wazi tu: karatasi za kupaka rangi zimetosha. Mtoto wa miaka mitano anapewa picha ya gari iliyochapwa huko mbali, anaambiwa apake asitoke nje ya mstari. Karatasi inahesabiwa, inaingia kwenye ripoti, eti amefundishwa "vitu vinavyotembea". Gari lenyewe halijasogea hata kidogo. Nje ya uzio kaka yake anasukuma gari la waya alilolitengeneza mwenyewe, magurudumu ya vizibo, bodi ya kopo la mafuta ya mgao. Yupi kati yao anasoma?

Mimi nafanya kazi na watoto hapa Nyarugusu. Sekondari nimesoma kwa mtaala wa kwetu Kongo, na sheria za Newton tulizikariri kwa Kifaransa, neno kwa neno, bila kusukuma kitu chochote. Tukafaulu. Sitaki hawa wadogo wafaulu hivyo.

Tunachofanya ni hiki. Tunakoroga udongo mwekundu na maji, tayari ni rangi. Mkaa uliosagwa unatupa nyeusi. Gurudumu linachovywa, gari linaachiwa kwenye ubao ulioinamishwa juu ya tofali moja, alama inabaki. Tukiongeza tofali la pili linafika mbali zaidi. Tukimwaga mchanga pale chini, linakwama karibu. Hakuna aliyetaja msuguano, lakini mtoto ameuona, tena ameuchora.

Halafu kuna chupa, ambayo wanaipenda kuliko vyote. Tunakata kitako, tunatoboa kifuniko, tunatia mchanga mkavu, tunaininginiza kichwa chini kwa kamba ndefu kwenye mti na kuiachia ibembee. Mchanga unachora. Ukivuta turubai polepole chini yake, mstari unageuka mawimbi. Watoto wanabisha kabisa kwamba chupa iliyojaa itabembea haraka kuliko iliyobaki nusu. Wanahesabu kwa makofi. Wapi! Ni karibu sawasawa. Fupisha kamba, ndipo inaharakisha. Galileo alichunguza jambo hilo hilo kule Italia zaidi ya miaka 400 iliyopita, na yeye hakupewa picha ya kupaka rangi.

Siku moja tuliambiwa tufagie kila kitu, wageni wanakuja. Watoto wakae kwenye mikeka na penseli zao. Wageni wakapiga picha, watoto wako safi, wako kimya. Tukapongezwa kwa nidhamu.

Mama zangu, na ninyi nawasikia: "Nimemtuma asome, ananirudia na matope." Sabuni ya mgao haitoshi, siwezi kuwabishia. Ndiyo maana tunawavua mashati kwanza, na ncha za waya tunazikunja zisichome mtu. Lakini msiseme ni mchezo tu. Mtoto anayebisha, akajaribu, akahesabu, huyo yuko darasani.

Nanyi ndugu wa mashirika, mnasema mnahitaji ushahidi. Magari 30 ya rangi moja yanathibitisha kwamba karatasi 30 zilifika. Njooni muone alama za magurudumu, mumuulize mtoto kwa nini hii ni ndefu na ile ni fupi, muandike jibu lake kwenye ripoti. Na bajeti ijayo punguzeni picha, tuleteeni kamba, sabuni na mbao mbili ndefu. Udongo upo.