Mbao mbichi ndizo zinazotumaliza Elburgon
Nakubaliana na makala yenu kuhusu kuandika mkataba na fundi wa paa, ila sisi wa Elburgon tuna shida yetu: mbao. Mji huu umekua kwa msitu na viwanda vya mbao, na kwa vile ziko karibu, mafundi wengi huzipandisha paani zikiwa bado mbichi. Zikikauka hupinda, misumari hulegea, mabati huachana, na mvua ya huku haisubiri mtu. Ukimuuliza fundi anasema kosa ni la mbao. Si yeye aliyezichagua na kuzipigilia?

Ndugu zangu, msimalize kulipa siku ya kuezeka. Bakizeni sehemu hadi mvua ipite, na mliandike hilo. Paa likivuja, piga picha kabla fundi mwingine hajaligusa, mwandikie wa kwanza umpe siku za kurekebisha, tunza jumbe za M-Pesa. Akikataa, Mahakama ya Madai Madogo hupokea madai yasiyozidi shilingi milioni 1, bila kulazimika kuwa na wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60.

Inaniuma kuona watu wakimlipa fundi wa pili kimya kimya, na yule wa kwanza anaendelea kujenga mtaa wa pili.