Kisuba si Zawadi ya Serikali

Ogwedhi iko pale Migori inapopakana na Trans Mara, na msomaji wetu wa huko hahitaji kufundishwa kwamba lugha ni jambo zito. Dholuo, Kimaasai, Kikisii na Kikuria hukutana sokoni, na Kiswahili ndicho kipatanishi. Siku za amani mchanganyiko huo ni baraka ya biashara. Siku za siasa chafu umekuwa hatari. Katika miaka ya 1990, taifa liliporejea kwenye uchaguzi wa vyama vingi, sehemu nyingi za mpakani ziligeuzwa kuwa viwanja vya mapigano, hata ikabidi mwaka 1998 iundwe tume chini ya Jaji Akilano Akiwumi kuchunguza ghasia za kikabila zilizoanza mwaka 1991. Wasomaji wa Biblia wanakifahamu kisa cha vivuko vya Yordani katika Kitabu cha Waamuzi, ambapo mtu aliulizwa atamke neno moja tu, Shibolethi, na ulimi ukamhukumu kabla ya upanga.

Lakini toleo hili hatuliandiki kwa ajili ya lugha zinazopigana. Twaliandika kwa ajili ya lugha inayokufa pasipo mtu kupigwa, ambayo wenyewe wamo humu humu Migori na Homa Bay, na ambayo wengi wetu twapita juu ya makaburi yake bila kujua: Kisuba, au kama wenyewe wanavyokiita, Olusuba.

Historia ni ndefu, nasi tutaisimulia kwa kifupi. Mapokeo ya wazee yanasema kwamba koo nyingi za Wasuba zilitoka pande za Buganda na Busoga katika karne ya 18, zikikimbia machafuko ya kifalme, zikavuka ziwa kwa mitumbwi na kukaa Mfangano, Rusinga, Gwassi, Kaksingri hata Muhuru. Mwanahistoria Henry Okello Ayot aliyakusanya mapokeo hayo katika kitabu chake cha historia ya Waluo-Abasuba kilichochapishwa mwaka 1979, akaianza hesabu yake mwaka 1760. Wengine waliohesabiwa chini ya jina hilo hawakuvuka maji. Udugu wao uko kusini, kwa Wakuria na jamaa zao wa Mara. Wasuna, ambao jina lao limebaki katika maeneobunge ya Suna Mashariki na Suna Magharibi, huhesabiwa na wengi miongoni mwa watu hao wa asili ya Kibantu. Leo Msuna huota ndoto zake kwa Dholuo. Kwa hiyo anayedhani kwamba Wasuba walikuwa kabila moja lenye ukuta kulizunguka amekosea tangu mwanzo. Walikuwa wakimbizi, wavuvi na wakulima waliopatana, na lugha yao ilikuwa na lahaja zake: ya Mfangano haikuwa sawa na ya Gwassi.

Lugha hiyo ilianzaje kurudi nyuma? Si kwa vita. Jirani Mluo alikuwa na watu wengi, ng'ombe wengi na soko kubwa. Msuba alioa Nyanza yote, na mtoto alinyonya Dholuo pamoja na maziwa ya mama yake. Hadi hapo hatuoni kosa la mtu yeyote; ndivyo majirani wanavyoishi. Kosa lilianza utawala ulipoingia na karatasi zake. Serikali ya kikoloni, iliyoweka boma lake Kisii, ilitaka lugha chache za kutawalia, na kando ya ziwa ikaichagua Dholuo kwa machifu na mabaraza. Ugonjwa wa malale uliozikumba pwani na visiwa vya ziwa mwanzoni mwa karne ya 20 uliua wengi na kuwatawanya wengine, na jamii ndogo iliyotawanyika haiwezi kushika lugha yake kama ile iliyotulia.

Na makanisa? Hapa tuseme ukweli, kwa kuwa wasomaji wetu wengi ni watu wa kanisa. Waadventista walifika Gendia mwaka 1906, na miaka michache baadaye kiwanda cha uchapaji kikaanza kazi papo hapo. Misheni nyingine zilifuata njia hiyo hiyo. Walifundisha kusoma, walitibu wagonjwa, nasi hatutaidharau kazi yao. Lakini walihubiri, walichapa na kuimba kwa Dholuo, na Biblia nzima ya Dholuo ilipotoka mwaka 1953 Msuba alipokea Neno la Mungu kwa lugha ya jirani yake. Akajifunza, bila kuambiwa waziwazi, kwamba lugha ya nyanya yake haikufaa kwa sala. Mtoto anayejifunza jambo hilo kanisani, kisha darasani, kisha mbele ya chifu, hahitaji kukatazwa kusema Kisuba. Atakiacha mwenyewe.

Tom Mboya, ambaye risasi ya Julai 1969 ilimwondoa kati yetu, alizikwa Rusinga, kisiwa cha wazazi wake. Nchi nzima ilimlilia kama Mluo, na Waluo walimlilia kama mwana wao, nao walikuwa na haki. Ukoo wake ulikuwa wa Kisuba. Twalitaja hilo bila nia ya kumnyang'anya mtu shujaa wake, maana Mboya alijenga vyama vya wafanyakazi vya watu wa kila lugha. Twalitaja kwa sababu linaonyesha jinsi jamii nzima inavyoweza kusimama mbele ya macho ya taifa kwa miaka mingi isionekane.

Mpaka nao ulifanya kazi yake. Waingereza na Wajerumani walipopatana mwaka 1886, walipiga mstari kutoka pwani ya bahari hadi ziwani bila kumuuliza aliyeishi chini yake. Wakuria wakakatwa vipande viwili. Jina la Suba pia likabaki pande zote mbili, kwani huko Rorya, Tanzania, wako watu waitwao Wasuba wenye lugha zao kama Kisimbiti, ambazo ni tofauti na ya Mfangano. Tanzania iliacha kuhesabu makabila baada ya sensa ya 1967. Kenya haikuacha kamwe. Ndugu wawili wa mpakani hivyo wanaishi chini ya desturi mbili: mmoja haulizwi kabila lake, wa pili huulizwa mpaka anachoka.

Sasa tunafika kwenye jambo linalowagawa hata watu wa mageuzi. Kifungu cha 2A kiliondolewa Desemba 1991, na katika uchaguzi wa Desemba 1992 Nyanza Kusini ilifuata upinzani wa Jaramogi Oginga Odinga. Katika miaka iliyofuata serikali ya KANU iligundua ghafla kwamba Wasuba wapo. Katikati ya miaka ya 1990 Wilaya ya Suba ilikatwa kutoka Homa Bay, na Kisuba kikaingizwa katika baadhi ya shule za msingi. Wapo wanamageuzi waliosema huo ni ujanja wa kuigawa Nyanza, na wengine wao wakakichukia Kisuba chenyewe kana kwamba kilibuniwa Ikulu. Kuhusu nia ya serikali ile hatuna ubishi nao. Serikali iliyoipuuza lugha kwa miaka 30 haiamki asubuhi moja ikaipenda bila sababu. Lakini kumhukumu mwenye lugha kwa nia ya mtawala ni kumwonea mara mbili. Kwanza mtawala amtumie, kisha mpinzani amwadhibu kwa kutumiwa!

Sheria yenyewe ilikuja kuonyesha thamani ya zawadi ile. Mwaka 2009 Mahakama Kuu mjini Kisii ilitamka kwamba wilaya zilizoundwa kwa amri tu, nje ya zile zilizotambuliwa na sheria ya mwaka 1992, hazikuwa na msingi wa kisheria. Wilaya ya Suba ilikuwa mojawapo. Katiba ya 2010 ilipoleta kaunti 47, Wasuba walijikuta wamerudi Homa Bay na Migori. Kilichobaki ni majina: maeneobunge ya Mbita na Gwassi yakaitwa Suba Kaskazini na Suba Kusini. Jina limeandikwa mlangoni, na ndani ya nyumba watu wanazungumza Dholuo.

Hatusikitikii wilaya. Wilaya ilikuwa na mkuu wake, magari yake na zabuni zake, na hatujui bibi hata mmoja wa Mfangano aliyefundisha mjukuu wake Kisuba kwa sababu ya ofisi ya mkuu wa wilaya. Tunachosisitiza ni kwamba haki haipewi kwa tangazo la rais. Tabia hii haijatuacha. Mwaka 2017 Wamakonde, waliokuwa wameishi pwani yetu miaka mingi bila vitambulisho, walitambuliwa kuwa kabila la 43, nasi tulifurahi pamoja nao. Lakini kwa nini uraia wa mtu ungoje aingizwe katika orodha ya makabila?

Msingi ulio imara zaidi uko katika Katiba. Kifungu cha 7 kinaiamuru Serikali ikuze na kulinda lugha mbalimbali za watu wa Kenya na kuendeleza lugha za kiasili. Kifungu cha 44 kinampa kila mtu haki ya kutumia lugha apendayo. Kifungu cha 56 kinadai mipango ya makusudi ya kuendeleza utamaduni na lugha za jamii za wachache. Na hata kabla ya Katiba hiyo, mwaka 2006, Mahakama Kuu iliwasikiliza Wailchamus wa Baringo, jamii ndogo inayosema lugha ya jamaa ya Kimaasai katikati ya jirani mkubwa, ikakubali kwamba wao ni jamii ya wachache yenye haki ya kuwakilishwa. Wailchamus hawakungoja rais awahurumie. Walikwenda mahakamani.

Wapinzani wetu watauliza: hao Wasuba ni wangapi? Sensa ya 2009 iliwahesabu takriban 139,000, na ile ya 2019 zaidi ya 157,000, wakati Waluo walipita milioni 5. Kwa macho ya haraka jamii inakua. Hapo ndipo hesabu inapodanganya, kwa maana sensa huuliza kabila na haiulizi lugha ya nyumbani. Mtu aweza kujiandikisha Msuba kwa fahari asiweze kumsalimu mzee kwa Kisuba. Wataalamu Franz Rottland na Okoth Okombo waliandika juu ya kuhama huku kwa lugha mwaka 1992, na UNESCO imekiweka Kisuba katika orodha ya lugha zilizo hatarini. Basi swali la kwanza tunalotaka liingizwe katika sensa ijayo ni fupi: nyumbani kwenu mnazungumza lugha gani?

Shuleni kuna tundu jingine. Sera ya elimu tangu zamani husema watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo la shule. Maneno hayo ni mazuri mpaka yafike Gwassi, ambako lugha ya eneo, kwa hesabu ya wengi, ni Dholuo. Hivyo sera iliyotungwa kulinda lugha za mama ndiyo inayoimaliza lugha ya nyanya, na hakuna ofisa anayevunja amri. Sheria isipomtaja mdogo kwa jina, mkubwa hujaza nafasi yote.

Na mahakamani? Vifungu vya 49 na 50 vinampa mshtakiwa haki ya kuelezwa shtaka kwa lugha anayoielewa na kupewa mkalimani bila malipo. Mara nyingi Msuba anaelewa Dholuo, kwa hiyo hakuna anayeona haja. Lakini shahidi mzee anayesimulia mpaka wa shamba, jina la mto na kaburi la babu aliyelima kwanza, husimulia kwa majina ya Kisuba. Yakitafsiriwa ovyo, ushahidi hupotea pamoja nayo.

Tunajua hoja ya mzazi, nayo ina uzito. Anasema mwanangu anahitaji Kiingereza cha ajira, Kiswahili cha safari na Dholuo ya sokoni. Ya nne ataiweka wapi? Hatutamlazimisha mtu. Wala hatumwambii Mluo aombe msamaha kwa kuwa wengi. Tunachomwambia mzazi ni kwamba watoto wa Ogwedhi huokota lugha tatu au nne wakiuza mboga tu, na hakuna aliyeugua kichwa. Aliyeiacha ya nyumbani hakushindwa na uzito wake. Alifundishwa kuionea haya.

Kazi nyingine haihitaji kungoja Nairobi. Agano Jipya la Kisuba limekwisha kutafsiriwa na kuchapishwa. Mfangano kuna redio ya jamii ya Ekialo Kiona na jumba la makumbusho la amani la Abasuba. Tunawaomba wachungaji, makatekista na wazee wa kanisa wa pande zote za ziwa wasome somo moja la Jumapili kwa Kisuba pale alipo hata muumini mmoja anayekijua, naye awe ndiye msomaji. Tunawaomba vijana wa Ogwedhi, Suna na Muhuru waketi na wazee, waandike majina ya koo, vilima, mito na samaki kama yalivyotamkwa kabla ya kufanywa ya Dholuo, wayalete kwenye ofisi za parokia, nasi tutayachapa. Nakala ya kila orodha tutaipeleka kwa makarani wa mabunge ya kaunti ya Migori na Homa Bay pamoja na ombi rasmi chini ya Kifungu cha 56, tukitaka kujua ni shilingi ngapi za bajeti zimetengwa kwa lugha hii, na katika fungu lipi.