Mtoto wa kiume asiwe hati ya shamba

KATIKA masoko ya mpakani, upande wa Kobero na upande wa Mugina, ipo bidhaa ambayo haipiti kwenye mizani ya forodha. Ni unga uliofungwa kwenye karatasi, au kalenda iliyotolewa fotokopi mpaka tarakimu zimefifia, na muuzaji humwambia mama kwamba akiitumia kabla ya kushika mimba atazaa mtoto wa kiume. Bei haikuandikwa popote. Mwenye mabinti wanne hutozwa zaidi ya mwenye binti mmoja, na hulipa bila kubishana, yeye ambaye kwa gunia la maharage hubishana nusu siku nzima.

Tuseme wazi kwamba unga huo ni utapeli. Kalenda nayo ina ukoo wake. Katika miaka ya 1960 na 1970 daktari Mmarekani, Landrum Shettles, alieneza fikra kwamba wenzi wakikutana siku yai linapotoka hupatikana mvulana, na wakikutana siku kadhaa kabla hupatikana msichana. Mwaka 1995 watafiti wa North Carolina, baada ya kufuatilia wanawake waliokuwa wakitafuta mimba, walichapisha matokeo kwamba siku ya kukutana haibadilishi jinsia ya mtoto. Imepita miaka mingi tangu hapo na kalenda ingali inauzwa.

Lingekuwa suala la utapeli peke yake, tungewaachia polisi. Lakini siku hizi kuna njia ya kweli, na wafugaji wameifahamu kabla ya wengine. Katika miaka ya 1980, kwenye maabara ya wizara ya kilimo ya Marekani huko Beltsville, Maryland, mtafiti Lawrence Johnson alitumia jambo dogo la maumbile: mbegu ya dume inayoleta jike hubeba vinasaba vingi kidogo kuliko ile inayoleta dume. Kwa binadamu tofauti hiyo ni karibu asilimia 3. Mbegu zikitiwa rangi na kupitishwa kwenye mwanga wa leza, mashine huweza kuzitenga. Leo mfugaji wa Kenya anayetaka maziwa hununua mbegu zilizotengwa, ng'ombe wake akahimilishwa, na mara nyingi akapata mtamba.

Katika miaka ya 1990 njia hiyo ilianza kujaribiwa kwa watu huko Virginia, kwa jina la MicroSort. Haikupata kibali cha kuuzwa Marekani, na huduma ikahamia nchi nyingine. Ipo pia njia ya kutungisha mayai kadhaa maabara, kuyapima, kisha kurudisha tumboni yale ya jinsia inayotakiwa tu. Hii haihesabiki kuwa kabla ya mimba, lakini uhakika wake ni mkubwa zaidi, na Marekani huuzwa kwa maelfu ya dola kwa yeyote anayeweza kulipa. Uingereza imeikataza kwa sheria, isipokuwa pale inapokusudiwa kumwepusha mtoto na ugonjwa mkubwa. Mkataba wa Oviedo wa mwaka 1997, uliotungwa na Baraza la Ulaya, unasema hivyohivyo.

Msomaji atauliza haya yanamhusu nini mama wa Makamba. Yanamhusu, maana yanayouzwa kwa maelfu ya dola leo huja kuuzwa kwa bei ya kawaida kesho. Sote tumeona simu ya mkononi ilivyoanza, na tumeona ultrasaundi ilivyofika mpaka kwenye miji midogo.

Wanaotetea njia hizi wana hoja ambayo haifai kudharauliwa. Wanasema: mbegu zikitengwa kabla ya mimba, hakuna aliyeuawa. Hili si sawa na kutoa mimba kwa sababu kipimo kimeonyesha msichana. Mume na mke wamekubaliana, fedha ni yao, mtoto atapendwa. Mwenye wavulana watatu anayetamani binti anamdhulumu nani?

Kwa huyo wa mwisho, tunakiri, jibu letu si jepesi. Lakini si huyo tunayekutana naye sokoni. Tunayekutana naye amekuja kutafuta mvulana, na ukimdadisi utagundua si yeye aliyeanza kumtaka. Ni mama mkwe. Ni mashemeji. Ni mume aliyekwisha kusema kwamba asipopata mrithi ataoa mwingine. Anayeambiwa achague, na jibu ameshaandikiwa, hachagui chochote.

India ilipita njia hii kabla yetu. Sheria ya mwaka 1994 ilikataza kutumia vipimo kutafuta jinsia ya mimba, na mwaka 2003 ikapanuliwa ili ikamate hata uchaguzi wa kabla ya mimba. Sensa ya 1991 ilikuwa imehesabu wasichana 945 kwa kila wavulana 1,000 wa chini ya miaka 7. Sensa ya 2001 ikahesabu 927. Jimbo la Punjab, lenye wakulima wenye ardhi nzuri na fedha, lilikuwa na wasichana 798 tu. Sensa ya 2011 ilionyesha hesabu ya nchi nzima imeshuka tena, marufuku ikiwa ipo kwenye vitabu. Kumbe sheria ya kukataza, ikiwa peke yake, haitoshi.

Na hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo, kwa sababu kwetu chanzo tunakijua.

Waliorudi kutoka Ulyankulu, Katumba na Mishamo wanakumbuka foleni za mashauri ya ardhi. Watu waliokimbia mwaka 1972 walirudi, wengi wao mwaka 2008 na 2009, wakakuta mashamba yana wenyewe wapya. Anayeandika haya amesoma uhamishoni, amerudi na foleni hiyo ameipanga. Mbele yake alisimama mjane aliyekuja na mabinti watano, baba yao kazikwa Tanzania. Mabinti hao walijua mpaka wa shamba kuliko yeyote pale, maana baba yao aliwasimulia kila jioni: mti gani, kijito gani, jiwe gani. Baba mdogo aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole kabisa: "Mwanamume wenu yuko wapi, nizungumze naye?" Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akiuliza kile ambacho mila imemfundisha kuuliza.

Hadi leo Burundi haina sheria iliyoandikwa ya kugawa urithi. Mila ndiyo inayoamua, na kwa mila shamba hufuata mtoto wa kiume. Mabinti wanaweza kupewa kipande cha igiseke, cha kulima, si cha kumiliki. Muswada wa sheria ya urithi umezungumzwa tangu miaka ya 2000 na kuwekwa kando. Jirani zetu wa Rwanda walipitisha ya kwao mwaka 1999, binti na kaka yake wakapewa haki sawa.

Basi mjane yule angeuziwa unga wakati wa ujana wake, angenunua. Na sisi tungemcheka kwa ujinga? Alikuwa na sababu nzito kuliko mnunuzi wa Marekani. Hakutaka nguo za rangi fulani kwenye kitanda cha mtoto. Alitaka mtu wa kusimama mbele ya baba mdogo na kujibu lile swali.

Kwa sasa familia zetu ni kubwa. Mwanamke wa Burundi huzaa kwa wastani watoto karibu 5, na ndani ya watano mvulana kwa kawaida hupatikana. Balaa huja familia zinapopungua, ardhi ikiwa haitoshi na ada za shule zikipanda. Mwenye kutaka watoto wawili tu, mmoja lazima awe mvulana, ndiye mteja wa kwanza wa maabara.

Hayo yalitokea Korea Kusini. Mwaka 1990 walizaliwa wavulana wapatao 116 kwa kila wasichana 100, wakati maumbile hutoa kama 105. Serikali ilikuwa imekwisha kukataza madaktari kutaja jinsia ya mimba tangu 1987. Lakini pia walibadilisha sheria ya urithi, kuanzia 1991 binti akagawiwa sawa na kaka yake, na mwaka 2008 wakaufuta utaratibu wa kumfanya mwanamume peke yake kuwa kichwa cha ukoo kwenye daftari la serikali. Wasichana walisoma, wakaajiriwa, wakawatunza wazazi wao. Kufikia 2007 hesabu ya kuzaliwa ilikuwa imerudi karibu na kawaida. Mwaka 2024 mahakama yao ya katiba iliondoa ile marufuku ya kutaja jinsia, kwa kuwa haikuwa na kazi tena.

Msimamo wetu ni huu. Kuchagua jinsia kabla ya mimba kuruhusiwe pale tu panapokuwa na ugonjwa wa kurithi unaowapata zaidi wavulana, kama hemofilia, na kwa ushauri wa daktari. Pengine popote sheria ikatae mapema, kabla biashara haijaota mizizi na kupata watetezi wenye fedha. Wanaouza unga na kalenda washitakiwe kama matapeli wengine wowote. Shuleni na makanisani lirudiwe somo ambalo kila kidato hulipita haraka: mama hutoa kromosomu ya aina moja tu, X, ni mbegu ya baba inayoleta X au Y. Jambo hili linajulikana tangu 1905, na mmoja wa waliolivumbua alikuwa mwanamke, Nettie Stevens. Mume anayemfukuza mke kwa kuzaa mabinti anamfukuzia kosa lisilo lake, kama kweli ni kosa.

Na muswada wa urithi utolewe kabatini. Mabinti watano wa yule mjane wameolewa wote sasa, na wakubwa kati yao wana watoto. Shamba la baba yao linalimwa na wana wa baba mdogo.