Mvua ikikata barabara, kamyo ya jeshi ifanye kazi ya raia

Mvua inaanza mwezi wa tisa, na tangu pale mpaka mwezi wa tano sisi wa kusini mwa Maniema tunaishi kwa kuhesabu. Tunahesabu siku ambazo kamyo za biashara zimelala katika potopoto kwenye njia ya Kindu. Tunahesabu bei ya chumvi na sabuni sokoni Kasongo. Kule Kabambare wanahesabu vijito ambavyo mgonjwa anapaswa kuvuka kabla ya kumfikia munganga. Kutoka Kasongo mpaka Kindu ni zaidi ya kilometa 200, na reli ya SNCC inapita Samba na Kibombo, haifiki Kasongo mujini. Pikipiki zinapita, ndiyo, na bila vijana wa pikipiki tungekuwa tumekwisha kufa njaa. Lakini pikipiki haiwezi kubeba mama mwenye uchungu wa kuzaa katika maji ya kiuno.

Wengine wanafikiri mafuriko ni shida ya Kinshasa. Mwezi wa kwanza 2024, Régie des voies fluviales ilipima mto Kongo pale Kinshasa ukiwa na metre 6,20, karibu sawa na ile 6,26 ya mwaka 1961. Redio zote zilisema. Lakini maji yale hayakuanguka yote Kinshasa, mengine yalipita mbele yetu. Ziwa Tanganyika likijaa, linamwaga maji yake kwa Lukuga pale Kalemie. Lukuga inaingia Lualaba mbele ya Kongolo. Kisha Luama inaleta yake kutoka milima ya upande wa Fizi na Kabambare, na yote inateremka mpaka Kasongo. Kwa hiyo tukisikia watu wa Kalemie na Uvira wanalia juu ya ziwa, sisi pia tuanze kuangalia mto.

Shauri letu ni hili: kabla ya mvua, Kasongo ipate kamyo mbili za zamani za jeshi, na Kabambare mbili, za kazi ya wakati wa mafuriko tu. Hatuombi kamyo mpya. Duniani pote majeshi yanaondoa kamyo zao zikiwa bado na nguvu, juu ya mpango wao wa miaka, na raia wanazichukua. Houston, kule Marekani, wakati wa tufani Harvey mwaka 2017, kamyo za namna hiyo zilitoa watu katika nyumba zilizozama, pamoja na mitumbwi ya wavuvi wa kawaida. Karibu na sisi, MONUSCO ilimaliza kazi yake Kivu ya Kusini mwezi wa sita 2024 na kuachia serikali vituo vyake. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinajulikana: chombo kizuri kinapelekwa kwanza katika misheni nyingine, kisha katika kazi nyingine za UNO, na kinachobaki kinaweza kuuzwa kwa serikali ao kwa mashirika. Maana yake, asiyeomba mapema hapati. Wabunge wetu wa taifa na wa jimbo, hii ni kazi yenu: muulize kuna nini, kiko wapi, kinauzwa lini.

Sasa, kamyo gani? Hapa tunaomba msomaji avumilie kidogo, maana ndipo watu wanakosea. Kamyo ya jeshi inasimama juu, magurudumu yote yanavuta, na ikiwa hali yake ni nzuri inavuka maji ya karibu sentimeta 75. Ikipandishwa bomba la kuvutia hewa na kufungwa vizuri, inapita metre moja. Gari dogo linaanza kuelea hata mbele ya sentimeta 60. Tofauti hiyo ni maisha ya watu. Lakini uzito! Kamyo ya magurudumu sita yanayovuta inafikia tani 6 bila mzigo, na zile kubwa zinapita tani 10. Madaraja yetu mengi ni miti iliyolazwa, mingine imeoza chini ambako jicho halioni. Ukileta lile dude kubwa kwa sababu linapendeza siku ya kukabidhiwa mbele ya kamera, litavunja daraja la kwanza, na sasa hata pikipiki haitapita. Sisi tunapenda zile ndogo, za magurudumu mane, zenye winchi mbele.

Tena kamyo si mashua. Kenya, tarehe 4 mwezi wa 12 mwaka 2021, basi la wanakwaya waliokuwa wanaenda arusi liliingia katika mto Enziu, kaunti ya Kitui, maji yakiwa yamefunika daraja. Zaidi ya watu 30 walikufa, na waliosimama ukingoni waliona yote. Shofere aliona maji, hakuona nguvu yake wala shimo lililo chini. Kwa hiyo pale penye mkondo kamyo isimame, hata kama mkubwa aliyeketi mbele anakasirika. Kila kivuko kiwe na mti uliopakwa rangi nyekundu: maji yakifika pale, hakuna kupita. Na hapo ndipo kamyo mbili zinapata maana. Moja inaleta wagonjwa, dawa na mtumbwi mpaka ukingoni, wavuvi wanavusha, ya pili inangoja ngambo. Wavuvi wa Lualaba wanajua maji kuliko injinia yeyote, na walipwe kwa kazi hiyo, isiwe salongo.

Tunakuja kwa neno gumu: ufunguo utakaa na nani? Hili ndilo linatusumbua kuliko pesa ya kununua. Tumeona gari lililotolewa kwa wagonjwa likibeba mifuko ya mchele ya mtu mmoja mpaka likaanguka, na wagonjwa wakaendelea kubebwa kwa tipoyi. Kamyo yenye kuvuka potopoto wakati wengine wote wamekwama ni kama mgodi wa zahabu; siku moja ya kubeba bidhaa inaingiza pesa nyingi. Kisheria teritware si mwenye mali yake mwenyewe, ni mkono wa serikali kuu. Sekta na sheferi ndizo ziko na haki hiyo. Kamyo ziandikwe kwa jina lao, na zisimamiwe na watu ambao wananchi wanawajua: munganga mkuu wa zone de santé, Croix-Rouge, mtu wa Caritas wa diosezi ya Kasongo, mtu wa jamaa ya Waislamu, na wamama wa soko. Kila safari iandikwe katika daftari, na daftari lisomwe kwa sauti redioni kila mwisho wa juma: ilikwenda wapi, ilibeba nani, ilikula mazutu kiasi gani. Mtu anaweza kuiba mafuta. Kuiba mafuta na kusikia jina lako redioni ni ngumu zaidi.

Mazutu yenyewe ihesabiwe tangu mwanzo. Kamyo ya namna hii inakunywa sana, na katika potopoto inakunywa kama ngamia. Sehemu ya pesa ya FONER, ambayo magari yetu yanalipa juu ya barabara tusizo nazo, ingeweza kufanya kazi hiyo. Na fundi apelekwe kujifunza kabla kamyo haijafika, pamoja na piesi za miaka miwili. Vinginevyo kamyo itakufa juu ya pampu moja na kuku watalala ndani.

Kuna jambo moja la mwisho ambalo watu wa Kindu hawalifikirii. Kabambare, hasa upande wa Salamabila, watu wameishi kati ya askari na Mai-Mai Malaika. Wakisikia kamyo ya jeshi usiku, wanakimbilia porini na watoto, na mwenye bunduki akiiona anaweza kuipiga. Kwa hiyo rangi ya jeshi iondolewe. Nyeupe hapana, watasema MONUSCO imerudi. Ipakwe manjano, na asipande mtu mwenye silaha, hata kama anaomba rifti ya kilometa mbili. Kabla ya safari ya kwanza, machifu na viongozi wa dini wapite vijiji kwa vijiji kueleza hii manjano ni nini. Kazi ya génie militaire wa FARDC tunaiheshimu, na tunawaomba watutengenezee madaraja, maana kamyo haiponyeshi barabara. Lakini shofere awe raia, mtoto wa hapa, anayejua kijito gani kinajaa kwa saa moja na kipi kinajaa usiku kucha.

Mwezi wa sita mpaka wa nane njia ni kavu. Ni katika miezi hiyo kamyo inaweza kufika Kabambare kwa magurudumu yake yenyewe. Barua iondoke mbele ya hapo.