Kingamwili: Tusinunue Mbuzi Kwenye Gunia

Mkimbiaji akimaliza mita 400, misuli yake huwa imefurika laktati. Protini iitwayo MCT4 huisukuma nje ya seli. Moyo huipokea kupitia MCT1 na kuichoma kama kuni. Jeni ya MCT1 ilitambuliwa mwaka 1994, na leo protini hizi zinafuatiliwa hadi ndani ya saratani. Dawa ya kuziba MCT1, AZD3965, imeshajaribiwa kwa wagonjwa nchini Uingereza.

Ili kujua protini hizo ziko wapi, mtafiti hununua kingamwili yenye kazi ya kunasa moja tu. Je, ikinasa nyingine?

Hofu hiyo ina msingi. MCT1 hadi MCT4 ni ndugu wanaofanana, kila mmoja akipenya utando wa seli mara 12. Mkia ulio ndani ya seli ndio unaowatofautisha vizuri, hivyo kingamwili nyingi huulenga. Lakini mkia hutofautiana pia kati ya viumbe: kilichofaa kwa panya huenda kisifae kwa binadamu.

Mwaka 2023, matokeo ya kupima kingamwili 614 za madukani, zinazolenga protini 65, yalionyesha kwamba zaidi ya nusu zilishindwa angalau katika matumizi mamoja.

Wauzaji hujitetea kuwa kila maabara ina taratibu zake, na mtumiaji ndiye apime. Wana hoja: protini za utando zikichemshwa huweza kugandamana, na kingamwili nzuri ikaonekana mbovu. Hata hivyo, kumwachia kila mtafiti mzigo huo ni kupima kitu kilekile mara mia kwa siri. Mwenye bajeti ya chupa moja hataimaliza kwa majaribio, ataiamini lebo.

Kipimo cha haki kipo: ijaribu kwenye seli zilizoondolewa jeni husika. Ikiendelea kung'aa, imenasa kisichokuwa chake. Wafadhili wa utafiti walipie kipimo hicho mara moja na kuweka matokeo wazi, nayo majarida yakatae picha za kingamwili zisizo nacho. Baada ya upimaji ule wa 614, watengenezaji waliondoa baadhi ya bidhaa zao sokoni. Hawakulazimishwa na sheria. Gunia lilikuwa limeshafunguliwa mbele za watu.