POCHI YA SIMU IFUNGULIWE KWA KUELEWA



Baada ya kuuza alizeti, vijana wetu kadhaa walitujia na habari ya sarafu za kidijitali, yaani Bitcoin na wenzake, na programu ya simu ya kuzitunzia ambayo wao huiita pochi. Wanasema ni rahisi mno: unapakua, unabonyeza, umekwisha. Tukawaomba watuonyeshe. Tulikaa nje ya ghala watu sita, simu janja moja. Tuliyoyaona ndiyo tunayoyaandika hapa.

Programu ile ilisema Kiingereza tangu mwanzo hadi mwisho. Kijana akabonyeza "kubali" mara nne bila kusoma. Tulipomwuliza amekubali nini, akacheka. Halafu yakatokea maneno 12, ya Kiingereza vilevile, akaambiwa ayaandike kwa mpangilio. Akayaandika nyuma ya risiti ya mbolea, akaitia mfukoni mwa shati. Na shati lile, ndugu zetu, litafuliwa!

Kumbe maneno yale ndiyo ufunguo. Simu ikipotea, kwa maneno hayo unaifungua pochi yako katika simu nyingine. Mtu mwingine akiyapata, anachukua kila kilichomo. Ukipoteza simu na maneno pamoja, hakuna ofisi ya kwenda kulalamika, si Singida mjini wala Dar es Salaam. Pochi nyingi hufuata kanuni iliyotungwa mwaka 2013, yenye orodha ya maneno 2048 ya kuchagua. Ipo orodha ya Kiingereza, ya Kifaransa, ya Kireno, ya Kijapani, hata ya Kicheki. Kiswahili hakimo. Basi mkulima wa Mtinko anatakiwa kulinda mali yake kwa maneno asiyoyajua.

Sisi tuliojifunza kusoma katika kisomo cha watu wazima tunaujua ugonjwa huu. Asiyejua kusoma hasemi "sijui". Kwa aibu anaitikia "ndiyo", anatia dole gumba, anakwenda zake. Sisi wenyewe tumetia dole gumba kwenye karatasi nyingi namna hiyo, na nyingine zilitugharimu. Kile kitufe cha "kubali" ni dole gumba lile lile, limebadilishwa nguo tu.

Wapo wasemao kwamba mambo haya si ya wakulima, yaachwe huko mjini. Hatukubaliani nao. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, maneno yalikuwa hayo hayo. Leo bibi hapa kijijini anapokea fedha za mwanawe kwa kitochi. Imewezekanaje? Hakupakua kitu. Anabonyeza *150*00#, anajibiwa kwa Kiswahili, na akikwama yupo wakala wa kumwuliza.

Sarafu mpya nazo zinaweza kupita njia hiyo. Huko Mombasa mwaka 2013 zilianza vocha za karatasi zilizoitwa Bangla-Pesa. Baadaye shirika la Grassroots Economics likaingiza vocha za namna hiyo, kwa jina la Sarafu, katika simu ndogo kwa kubonyeza namba tu, ingawa hesabu zake huandikwa katika daftari la pamoja la kompyuta, kama za Bitcoin. Mwaka 2022 ikaanza huduma ya Machankura, kutoka Afrika Kusini, ya kutumiana Bitcoin kwa simu isiyo na intaneti. Lakini tusidanganyane: humo ufunguo anaushika mwenye huduma, si wewe. Urahisi una bei yake, na mwananchi aambiwe bei hiyo kabla, si baada.

Kwa hiyo maoni yetu kwa watengenezaji wa pochi hizi ni matatu. Kwanza, waandike kwa Kiswahili cha kueleweka, na maneno ya ufunguo yawe ya Kiswahili pia. Pili, kabla mgeni hajaweka hata senti moja, programu imfanyishe zoezi la kuifuta pochi na kuirudisha kwa maneno yake mwenyewe. Akishindwa, arudie. Tatu, iseme wazi mwanzoni nani ameshika ufunguo.

Kwa upande wetu, hatumwambii mtu yeyote anunue sarafu hizi. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo la kutuonya Novemba 2019, na bei zake hupanda na kuporomoka kuliko bei ya vitunguu. Fedha ya mbegu na ya ada ya mtoto si ya kuchezea. Lakini anayetaka kujua, ajue kweli. Tunashauri darasa letu la jioni litenge kipindi kimoja, tujifunze kwa pochi tupu. Kila mtu abonyeze kwa kidole chake. Asikubali kufunguliwa pochi na mtu mwingine, na maneno yake asimwonyeshe yeyote, hata mwalimu, hata katibu. Ayaandike kwenye daftari, si kwenye risiti, alifungie mahali pakavu pasipo na panya.

Na usipoelewa, sema "sijaelewa". Hapa kwetu hakuna atakayekucheka, maana wengi wetu tulianzia hapo.

Mali bila daftari hupotea bila habari.

Elimu haina mwisho.