Mapenzi Baada ya Harusi: Somo la Uandishi kutoka Ukerewe



Tangu muhula huu uanze kuna swali linalozunguka bwenini na hata mezani: je, mseminari anaruhusiwa kuandika hadithi ya mapenzi? Wanaouliza hutabasamu, lakini hawatanii. Katika jumuiya zetu ndogo ndogo hapa Kisiwani wapo vijana, baadhi yao wanakwaya, wanaoandika simulizi kwenye simu na kuzirusha katika makundi ya WhatsApp, sehemu ya kwanza hadi ya arobaini. Sehemu tatu za mwanzo ni bure. Ukitaka ya nne, tuma elfu moja. Na wanaotuma hiyo elfu moja ni hawa hawa tunaopiga nao magoti Jumapili, kina mama wa jumuiya wakiwemo.

Maoni yetu ni kwamba anaruhusiwa, na zaidi ya kuruhusiwa, afundishwe kuifanya kazi hiyo vizuri. Tumezisoma simulizi hizo. Kasoro yake kubwa siyo kwamba zinasema mengi mno juu ya mapenzi. Zinasema machache mno. Kijana anamwona binti, wanapendana, anatokea tajiri mwenye gari, kunakuwa na machozi, kisha harusi, na hapo mwandishi anaaga. Kile ambacho padre atakaa nacho ofisini miaka thelathini, yaani watu wawili waliokwisha kuoana na sasa wanaishi, hakimo.

Kabla mtu hajatushtaki kwa Baba Gombera, tukumbushe kwamba tarehe 17 Julai 2024 hayati Baba Mtakatifu Fransisko aliandika barua nzima kuhusu nafasi ya fasihi katika malezi. Alianza akiwafikiria wanaoandaliwa kwa upadre, kisha akaona inawafaa Wakristo wote. Humo anasimulia jinsi alivyofundisha fasihi katika shule ya Wajesuiti huko Santa Fe, Argentina, mwaka 1964 na 1965. Wanafunzi walitakiwa kusoma utenzi wa kale wa El Cid, wao wakamtaka García Lorca. Aliwaachia El Cid wakaisome nyumbani, darasani akafundisha walichokipenda. Hakuwapoteza.

Sasa twende kwa mwalimu wetu. Sisi tunaitwa watu wa Kisiwani, na mgeni akishuka kwenye basi la kutoka Same huuliza kiko wapi kisiwa chenyewe, maana anaona milima upande mmoja na nyika ya Mkomazi upande wa pili. Mwalimu tunayemtaja ametoka kwenye kisiwa chenye maji pande zote, Ukerewe, katika Ziwa Viktoria. Ni Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896 na kufariki mwaka 1981. Alisoma seminari ya Rubya, Bukoba, akajifunza Kilatini. Hakufika kwenye upadrisho. Alirudi kwao, akaoa, akafanya kazi pamoja na wamisionari wa Afrika, wale wazee wetu waliowaita White Fathers. Mwaka 1945 akamaliza kuandika riwaya ndefu kwa Kikerewe.

Hakukuwa na wa kuichapa. Lugha ndogo, kitabu kikubwa. Mzee akaketi tena akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na mwaka 1980 Tanzania Publishing House ikaitoa kwa jina refu la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Miaka 35 ilikuwa imepita. Mwandishi wa simulizi anayelalamika kwamba kundi lake limekosa wasomaji kwa wiki mbili na ahesabu hiyo miaka.

Wengi huichukua riwaya ile kama hazina ya mila za Wakerewe, na kweli ni hazina: kilimo, uvuvi, pombe ya ndizi, dawa, misiba, salamu. Sisi tunaisoma kama riwaya ya mapenzi, mojawapo ya zilizo bora kabisa katika Kiswahili. Myombekere na Bugonoka hawapati mtoto. Ndugu wa mume wanamtolea mke maneno, na wazazi wa mke wanapopata habari wanakuja kumchukua binti yao. Mume anabaki na nyumba tupu. Ndugu wanamshauri aoe mwingine. Yeye anashika njia kwenda ukweni kumwomba mkewe.

Angalia jinsi Kitereza anavyoijenga safari hiyo. Mwandishi wa haraka angempa Myombekere hotuba, magoti chini, machozi. Kitereza anampa adabu. Mkwe anakaribishwa na kulishwa, kesi inasikilizwa na wakubwa, anatozwa faini ya pombe ya ndizi, na anarudi kwake kuitafuta hiyo pombe. Na kuitafuta ni kazi ndefu ya kukata ndizi, kuivisha, kukamua, kusubiri ichachuke, kubeba. Kurasa nyingi zinakwenda kwa pombe tu! Msomaji wa leo hukasirika hapo: mapenzi yako wapi? Yako humo humo kwenye mitungi. Mwanamume ambaye angeweza kuoa mwingine kwa juhudi kama hizo hizo anatoka jasho kwa ajili ya yule aliyeambiwa hana faida.

Ukweni nao hawakuchorwa kama maadui. Wana hoja, maana binti yao ametukanwa. Katika simulizi zetu mama mkwe ni mbaya kwa sababu ni mama mkwe, basi, kazi imekwisha. Hiyo ni njia ya mkato, na mwandishi anayeizoea atakuwa mchungaji mbaya vilevile, kwa sababu ofisini watakuja mke, mume na mama mkwe, na wote watatu watakuwa na hoja.

Tunasisitiza jambo hili kwa sababu lipo kwetu. Mafrateri wanaifahamu Kanuni ya 1084 ya Sheria za Kanisa: utasa hauizuii ndoa wala hauibatilishi. Wanaijibu vizuri kwenye mtihani. Lakini nenda jumuiya yoyote, bondeni huku au kule juu milimani, utamkuta mama wa miaka kumi ya ndoa bila mtoto ambaye kila ubatizo kwake ni adhabu. Anaulizwa na mawifi, anaulizwa na majirani, na mara nyingine anaulizwa na viongozi wa jumuiya kwa sauti ya kumwombea. Mumewe hajapimwa hata siku moja. Kanuni ya 1084 haijamfikia mama huyu, na tunavyoifundisha haitamfikia. Lakini tumewahi kusoma sehemu ya habari za Bugonoka mbele ya kikundi cha wanandoa, na wanaume wakanyamaza kimya cha aina nyingine. Mmoja akauliza kama Myombekere alikuwa Mkristo. Tukamjibu hapana, hadithi imewekwa katika zama za kabla ya Wazungu. Akasema, basi ametuaibisha.

Kitereza aliyajua aliyoyaandika. Yeye na mkewe hawakubahatika kubaki na watoto. Katika riwaya aliwapa Myombekere na Bugonoka mganga, na baadaye mtoto wa kiume na wa kike. Wapo wanaosema alijiandikia faraja. Sisi tunaona alifanya jambo gumu zaidi: aliwafanya wapendane kwanza kurasa nyingi kabla ya kuwapa mtoto, ili msomaji asije akadhani mtoto ndiye aliyeleta upendo.

Ukerewe hiyo hiyo imetupa mwingine aliyepitia seminari, Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo mwaka 1944 na kutuaga Januari 2020. Riwaya yake Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku shuleni kwa muda. Jina lake limetoka kwenye litania ya Mama Bikira Maria, na hilo liliwachoma wengi zaidi. Tukiri kwamba si kitabu cha kumpa mtoto wa darasa la sita. Lakini wanaoilaumu kwa uchafu wa Rosa husahau mwanzo wake: binti anapokea barua ya mvulana, na baba mlevi anampa kipigo badala ya mazungumzo. Anapofika shule ya bweni, mbali na fimbo, hana neno hata moja la kujiongoza nalo, kwa kuwa nyumbani mapenzi hayakuwahi kutajwa isipokuwa kama kosa. Kezilahabi hamwachi aanguke peke yake. Anatuonyesha kila mkono uliomsukuma. Kuna mahubiri ya vijana tuliyoyasikia ambayo hayafanyi hata robo ya kazi hiyo.

Kwa vijana wetu wa simulizi tuna ombi moja la kiufundi. Acheni Masaki na Mbezi Beach. Wahusika wenu wanakunywa mvinyo kwenye nyumba ambazo hamjawahi kuingia, na inaonekana. Hapa kuna kijana anayelala kwenye dungu shambani akilinda mahindi dhidi ya tembo wa Mkomazi, na mkewe nyumbani anasikiliza usiku kama debe bado linapigwa. Kuna mume aliyepanda Mamba Myamba kununua tangawizi akakawia siku tatu, simu imezimwa. Kuna wazee wanaokaa na dengelua yao kuijadili posa tangu asubuhi mpaka kuku wanaingia bandani, na bibi mmoja pembeni anayesema neno moja kwa Chasu ambalo linaivunja au kuijenga posa nzima. Kitereza alianza na lugha ya mama yake. Neno la bibi huyo liacheni kwa Chasu, halafu fanyeni kazi ya kumfikisha msomaji.

Gazeti hili litafungua ukurasa wa hadithi kuanzia toleo lijalo, kwa waseminari na waamini wote. Walezi wameridhia, ila kazi zitapitiwa kabla ya kutoka. Tumeweka masharti mawili tu. Hadithi iishe, hatutaki “itaendelea”. Na wapendanao wawe wameshaoana angalau miaka mitano kabla ya sentensi ya kwanza.